Huenda Nilizomeza Katika Kiwanda cha Soksi

Nyinyi vijana mnaosoma Kijapani pale Ntinda mnanichosha. Juzi mmekuja tena wanne, mna madaftari, mna kalamu za rangi, mmechora ngazi. Juu kabisa mmeandika ni chigai nai, yaani hakuna shaka. Chini yake hazu, chini yake deshō, na chini kabisa kamo shiremasen. Halafu mnaniuliza mimi, mzee niliyeishia darasa la tano, kutoka kidato kimoja mpaka kingine ni umbali gani. Mnataka rula. Mimi Kijapani changu nilikipata kwa kubeba sanduku la spana, na kuna mtu nusura afe kwa namna nilivyokitumia. Hilo sikuliona katika madaftari yenu. Basi nimeamua kuliandika, na atakayesoma asiruke mistari kutafuta ngazi.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha soksi. Chekeni tu. Mashine kumi na mbili za kufuma, zote za Japani, zimepangwa mstari mmoja, na juu yake karibu na dari imepita shafti moja ndefu ya chuma inayozizungusha zote kwa mikanda. Shafti ikisimama, hakuna soksi. Mwenye kiwanda alikuwa Mhindi. Alipofukuzwa nchini pamoja na wenzake, kiwanda akakabidhiwa Kapteni mmoja wa jeshi awe meneja. Jina lake siliandiki, ana wajukuu, na mmoja hunisalimia vizuri.

Kapteni hakujua soksi huanzia kidoleni au kisiginoni. Wiki ya kwanza alikuta tumezirundika pamoja, akakasirika. Akaamuru za mguu wa kushoto zifungwe peke yake na za kulia peke yake. Tukatazamana. Soksi haina kushoto wala kulia, hata mtoto anajua. Lakini nani angemwambia? Tulizigawa hivyo miezi minane, tukaandika na vibandiko. Mjue basi nilikuwa nafanya kazi na mtu wa namna gani, kabla hamjanihukumu.

Mafundi wa Kijapani waliokuja na mashine walikuwa wawili. Mmoja alipoona bunduki sokoni alirudi kwao wiki ileile. Akabaki Bwana Sakata, kwa sababu, alisema, mashine mbili zilikuwa hazijakaa sawa. Miaka minne baadaye bado hazijakaa sawa. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, hacheki mpaka uwe umesahau kilichochekesha. Aliishi chumba cha nyuma ya stoo. Alikula matoke akiyamwagia maji meusi ya chumvi kutoka chupa aliyokuja nayo, na chupa ilipoisha alihuzunika kama amefiwa.

Mimi nilikuwa mfagiaji. Baba yangu alikuwa askari polisi kutoka kaskazini, nimekulia kambini, kwa hiyo Kiswahili ninacho tangu tumboni. Kiingereza sikuwa nacho, Sakata naye alikuwa nacho cha kuombea maji. Akaniita nimbebee sanduku. Akisema neno na kunyoosha mkono, nampa kitu. Nikikosea ananirudishia bila kusema. Mwaka wa pili nilikuwa namsikia. Mwaka wa tatu nikawa mdomo wake, na Kapteni akaniondolea ufagio. Kuandika Kijapani siwezi hata herufi moja mpaka leo.

Sasa sikilizeni jambo ambalo walimu wenu wanalizungukazunguka. Sisi shaka tunaiweka mbele. Mtu akianza na huenda, umeshajua utembee polepole. Mjapani anaiweka mkiani. Atakuambia mkanda wa mashine ya sita, wiki hii, utakatika, umeshashika kichwa, ndipo anamalizia kamo shiremasen, yaani huenda, wala yeye mwenyewe hajui. Kwa hiyo mkalimani ufunge mdomo mpaka ng'ombe apite mzima na mkia uuone. Nyinyi mnaanza kutafsiri pembe.

Na hazu si labda. Mnanikera mnapoiita labda. Anayesema hazu ana sababu mkononi. Sakata akisema sindano zitafika Jumatano, hazu, ujue ameiona barua ya meli. Jumatano ikipita na sindano hazipo, haoni haya kama mwongo. Anashangaa, anaanza kukagua sababu zake. Nilihangaika sana kumpatia Kapteni neno la hazu. Nilijaribu inshallah, lakini inshallah ya Kapteni ilimaanisha jambo hilo halitafanyika. Deshō ni ya yule anayesema kesho mvua: anaegemea upande mmoja, ila hakuapii. Halafu iko ile sō ya macho. Ukiona mtoto mdogo amebeba chungu na mikono inatetemeka, hujafikiri kitu, umeona tu kitaanguka. Hiyo ndiyo sō. Ngazi yenu haina macho, ndiyo maana naichukia.

Kila asubuhi, kabla kazi haijaanza, Sakata alizunguka. Akiwashiwa mashine moja moja, aliweka ncha ya bisbisi ndefu kwenye chuma, na mpini wake kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Jaribuni siku moja, beringi iliyochoka inalia kama mchanga kwenye meno. Kila mashine aliisemea sentensi moja na kuiandika kwenye daftari lake jeusi. Namba nne ni nzima. Namba sita huenda ikala sindano. Namba tisa itadumu hadi Ijumaa, hazu. Saa mbili kamili mimi nilipanda ofisini kwa Kapteni na kuyatoa yote hayo kwa Kiswahili.

Siku ya kwanza niliyatoa kama yalivyo. Kapteni alikuwa anakunywa chai ya rangi, maana maziwa na sukari vilikuwa hadithi.

"Namba sita, huenda ikala sindano, Afande."

"Nakula ama hapana kula?"

"Huenda, Afande."

"Mimi nauliza wewe. Nakula ama hapana kula?"

"Mjapani anasema huenda."

Akanirushia kisahani cha majivu ya sigara. Kilinipita. "Labda, huenda, pengine," akasema, "hiyo ni maneno ya adui. Mimi hapana taka tena. Lete ndiyo, ama lete hapana."

Tangu siku hiyo nikawa nazikata sentensi za Sakata mikia. Shaka ndogo niliifanya ndiyo, shaka kubwa niliifanya hapana, na iliyokuwa katikati niliiacha ngazini nikipanda. Na niwaambie ukweli, kazi ilikuwa tamu hivyo. Kapteni alinisifu. Alisema Juma anaongea Kijapani safi kuliko Mjapani mwenyewe.

Ndipo ikaja habari ya shafti.

Mara ya kwanza Sakata alipanda ngazi, akaisikiliza kwa bisbisi, akateremka akisema: "Oreru kamo shiremasen." Huenda ikavunjika. Mimi nikapanda ofisini: mashine zote nzuri, Afande. Siku chache baadaye akasema oreru deshō. Ameshaegemea. Akataka mashine zisimame siku moja tu, shafti ishushwe itazamwe. Kwa Kapteni? Kapteni alikuwa amewaahidi wakubwa zake soksi za kikosi kizima. Nikapanda: mashine nzuri, Afande. Asubuhi moja Sakata hakugusa hata bisbisi. Aliinua uso tu akaitazama inavyozunguka, akasema, "Oresō desu." Ile ya chungu. Nikapanda ngazi, mkono wa Kapteni ulikuwa juu ya simu, usoni ana hasira za mtu mwingine, nikasema, mashine nzuri, Afande.

Ilivunjika Jumanne saa nne asubuhi. Mlio mmoja, halafu mikanda inapigapiga kama kuku waliochinjwa. Hakuumia mtu.

Aliyekuwa na kazi ya kutia mafuta kwenye shafti alikuwa Opio. Yeye na mimi tulianza kazi wiki moja, tulikula sahani moja, alinifundisha kuendesha baiskeli nikiwa mtu mzima na aibu zangu. Alikuwa mtu wa kaskazini kama mimi, ila wa kabila ambalo miaka ile jina peke yake lilitosha mtu atazamwe vibaya. Kapteni aliingia na askari wawili. Vipande vya shafti vilitupwa kwenye lori kabla Sakata hajaona pale vilipovunjikia, na hapo ndipo fundi husoma kila kitu: palipochoka zamani panakuwa peusi, palipovunjika leo panang'aa. Alikimbilia lori, wakamsukuma.

"Uliza yeye," Kapteni akaniambia. "Chuma namna hii naweza vunjika peke yake?"

Sakata akajibu kwamba hajaviona vipande, lakini anadhani ilivunjika yenyewe, deshō. Nikakata mkia nikidhani namsaidia Opio. "Anasema imevunjika yenyewe, Afande."

Kapteni akanitazama kwa utulivu, na utulivu wake ulikuwa mbaya kuliko kisahani cha majivu.

"Kila siku asubuhi wewe naambia mimi mashine nzuri. Jana, nzuri. Leo, nzuri. Kitu nzuri hapana vunjika peke yake. Iko mkono ya mtu hapa."

Mkono wa mtu ukawa wa Opio. Walimchukua na glavu zake za grisi mikononi. Mimi nilikuwa nimesimama umbali wa hatua mbili. Nilikuwa na maneno ya kumtoa pale, mepesi kabisa, na hayo pia niliyameza.

Jumatano mkewe, Mama Akello, alinijia Nateete nilikokuwa nimepanga. Hakukaa.

"Shemeji, mtu wa getini kule kambi ya jeshi ameniambia Ijumaa wanawahamisha. Ukihamishwa kutoka pale hurudi. Yule Mjapani wenu anajua vyuma. Aseme basi."

"Amesema, shemeji."

"Amesema nini?"

"Amesema imevunjika yenyewe."

"Sasa kwa nini mume wangu yuko ndani?"

Nikachukua baiskeli mpaka kiwandani. Sakata alikuwa amekaa chini ya mashine ya kwanza, anasafisha kitu ambacho kilikuwa tayari kisafi. Nikamwambia, Bwana Sakata, kesho twende kwa Kapteni, useme ni chigai nai. Hakuna shaka. Neno moja tu.

"Sikuviona vipande," akasema.

"Mtu atakufa."

"Sikuviona vipande, Juma-san. Nikisema hakuna shaka na sikuona, siku nyingine nikisema hakuna shaka atajuaje?"

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, nilikuwa na spana mkononi. Nchi ile kila mtu alikuwa anaapa kwa asichokiona, watu walikuwa wanauawa kwa viapo vya wasioona kitu, na huyu mmoja niliyemwomba uongo wa kumwokoa mtu, ananiletea usafi. Nikamtukana kwa Kiswahili. Akangoja nimalize.

Halafu akaniuliza, polepole, kama anayeuliza njia: "Lakini kwa nini Kapteni amemkamata? Nilimwambia. Nilimwambia mara saba." Akafungua daftari jeusi, akaweka kidole kwenye mistari, mmoja, mwingine, mwingine. "Ulimpelekea mara saba."

Alidhani Kapteni alijua. Miezi yote ile alidhani huenda zake zinafika juu, zinakaa mezani kwa meneja, na meneja ameamua tu kutosikiliza. Nikakaa sakafuni karibu naye. Nilimwambia sikumpelekea hata moja. Hakunifokea. Alifunga daftari, akalifungua tena, akatazama mistari yake kama anayesoma barua za mtu aliyehama.

Hapo ndipo nilipojijua. Nilikuwa nimemkasirikia kwa sababu neno lake la uongo lingemtoa Opio na mimi nikabaki salama. Ukweli nao ungemtoa Opio, ila ungepita juu ya kichwa changu.

Alhamisi saa mbili tulipanda wote wawili. Kapteni na chai yake.

"Afande, shafti haikuguswa na Opio. Bwana Sakata alisema itavunjika kabla haijavunjika. Iko kwenye daftari. Alisema mara saba."

"Mimi hapana sikia hata moja."

"Mimi ndiye niliyezimeza, Afande."

Hakuelewa. Akaamuru tusome. Sakata akawa anasoma, mimi naitoa sentensi nzima na mkia wake: huenda ikavunjika, huenda ikavunjika, huenda ikavunjika, nadhani itavunjika, naomba isimamishwe, nadhani itavunjika, inaonekana itavunjika sasa. Kapteni alihesabu kwa vidole. Kwenye cha saba mkono ukabaki hewani.

"Kwa nini wewe hapana ambia mimi?"

"Ulisema hutaki huenda, Afande."

Nilipata makofi mawili. Jino la huku kushoto lilianza kucheza siku hiyo, likang'oka kabla mwaka haujaisha. Halafu akakaa, na niliona anafikiri, kitu ambacho sikuwa nimekiona kwake. Alikuwa ameshawaambia wakubwa zake kwamba amemkamata mharibifu. Sasa akiuliza mtu, ataonekana meneja aliyeonywa mara saba. Mwishowe akavuta karatasi akaandika kwamba chuma kilichoka, mtu aachiliwe. Akampa dereva wa lori aipeleke kambini.

"Wewe ningeweka ndani," akaniambia. "Lakini nani ataongea na huyu? Toka. Rudia fagia." Nimefika mlangoni akaongeza, bila kuinua uso, "Huyo Opio atatoka. Kama bado iko."

Tulimkuta Mama Akello amesimama upande wa pili wa barabara, mbele ya geti la kambi, na mtoto mgongoni. Jua lilikuwa kali. Nikamweleza kwamba karatasi imeingia. Akamgeukia Sakata moja kwa moja, kama mimi sipo.

"Mume wangu anatoka?"

Sakata alimwelewa bila mimi. Akatazama geti, akatazama lori lililokuwa limeingia na karatasi, akasema, "Dete kuru hazu desu."

Nilikuwa na neno moja tayari mdomoni. Ndiyo. Lingempumzisha miguu, angekaa chini, angemnyonyesha mtoto. Mnajua nilivyotaka kulisema? Nikangoja mkia upite, nikasema:

"Anasema anatarajia atatoka, shemeji. Ana sababu ya kutarajia, karatasi imeingia. Lakini hajamwona."

"Sikuuliza hiyo. Anatoka au hatoki?"

"Sijui."

"Wewe ndiye mkalimani."

"Sijui, shemeji. Na yeye hajui."

Akanitolea maneno ambayo siyaandiki hapa, mengine ya Kiswahili, mengine ya kwao, na yote nilistahili, ingawa yeye hakujua bado kwa nini. Sakata akasogea akasimama upande wa jua ili kivuli chake kimwangukie mtoto. Alikuwa mfupi, kivuli chenyewe hakikutosha. Tulisimama hivyo mpaka saa tisa na kitu. Mara mbili geti lilifunguka, mara mbili hakuwa yeye.

Mara ya tatu alitoka. Miguu mitupu, uso umevimba upande mmoja, anatembea kama mtu anayejaribu sakafu kama ni mbichi. Mama Akello hakukimbia. Alivuka barabara taratibu, akamshika kiwiko, wakasimama.

Mimi niliwafuata. Sikungoja afike nyumbani, ale, apumzike, kwa sababu nilijijua, nikingoja nitapata pa kukatia. Nikamwambia palepale, mke wake anasikia: Mjapani alijua wiki tatu, alisema, nikameza. Nikaeleza yote, na mara saba zake.

Opio akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Alisema ni kwa nini? Ni mafuta?"

"Hapana. Chuma kilichoka. Anadhani ilikuwa na ufa wa zamani, kabla hata hatujaanza kazi. Anadhani tu, hakuuona."

"Si mafuta?"

"Si mafuta."

Akaitazama mikono yake. Glavu walikuwa wamemvua.

"Kule ndani walinipiga niseme niliikata," akasema. "Sikusema, kwa sababu sikuikata. Lakini nilikuwa nahesabu, Juma. Siku mbili nahesabu kila mahali nilipotia mafuta, Jumatatu, Jumamosi, wiki iliyopita. Ilikuwa nzuri, wote mlisema ilikuwa nzuri, sasa imevunjikaje? Nikafika mahali nikajua ni mimi. Kuna tundu nililisahau. Leo asubuhi nilikuwa nimeamua nikiulizwa tena nitakubali."

Mama Akello akamvuta kiwiko, wakaanza kwenda.